Mama Kioo Anaagana na Wodi ya Sita

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa Wodi ya Sita anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina lake kamili. Sisi tunamjua kama Mama Kioo, na hata mkurugenzi akimtafuta kwa simu humwita hivyo hivyo.

Alianzia chumba cha kufungia vidonda, akahamia chumba cha upasuaji, kisha akaletwa kwetu, kwa watu waliopoteza pua kwa ajali, moto au meno ya mbwa. Hapa daktari bingwa huchukua ngozi ya paji la uso, akaigeuza na kuishusha hadi puani bila kuitenganisha na mshipa wake wa damu. Kwa wiki tatu mgonjwa hukaa na ule mkanda wa nyama katikati ya macho, mpaka pua mpya ishike. Mkanda ukikatwa mapema, pua inakufa. Kupasua ni kazi ya daktari. Kumshika mtu mkono wiki tatu asikate tamaa, hiyo ilikuwa ya Mama Kioo.

Jamani, mama huyu ni mkali! Bendeji iliyochelewa kubadilishwa ataijua tangu mlangoni. Daktari bingwa mwenyewe aliwahi kurudishwa akanawe mikono upya, akaenda akanawa.

Lakini jina la Kioo lilitokana na kosa lake, na ni yeye aliyetaka liandikwe katika risala hii. Zamani aliondoa vioo vyote wodini ili wagonjwa wasijione kabla ya wakati. Aling'oa hata cha bafuni, na wauguzi vijana wakanyang'anywa vya mikobani. Siku ya tisa baada ya upasuaji, mwoka mikate mmoja aliyeng'atwa na mbwa alitembelewa na binti yake wa miaka mitano. Mtoto akamwona mama yake, akapiga yowe, akajificha nyuma ya shangazi aliyemleta. Mama akaijua sura yake bila kioo. Akadai mkanda ukatwe pale pale arudi nyumbani, pua ife ikitaka kufa.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nimelibeba lile yowe miaka ishirini na mmoja.

Mama Kioo hakutafuta wa kulaumiwa. Alikaa kitandani kwa mama, akamwomba radhi kwa kumficha uso wake mwenyewe. Akatoa mkobani kioo kidogo chenye fremu ya mbao, wakatazama pamoja, akamweleza mshono mmoja mmoja. Halafu, makubwa haya, akakunja bendeji na kuibandika kwa plasta kutoka kwenye paji la uso wake hadi puani, akaendelea kugawa dawa kama vile hakuna kitu. Daktari bingwa akauliza ni nani aliyempasua muuguzi wake bila idhini. Nikacheka, huku bado nimeng'ang'ania gauni la shangazi. Mama alipokisikia kile kicheko, alikubali kubaki siku kumi na mbili zilizosalia. Kesho yake niligusa bendeji ya Mama Kioo kwanza, ndipo nikaugusa uso wa mama.

Tangu hapo mgonjwa hupewa kioo siku anayokitaka, na Mama Kioo huwa kando yake. Mtoto anayekuja kumwona mzazi hupokelewa mlangoni, akaonyeshwa picha na kuelezwa kabla ya kuingia. Hakuna mgonjwa mwingine aliyeomba kukatwa mapema.

Nilipoajiriwa wodi hii miaka mitatu iliyopita, nilimwomba Mama Kioo msamaha kwa lile yowe. Alinijibu kwamba mtoto hana kosa kwa kuogopa asichoelezwa, kisha akanituma nikabadilishe shuka za kitanda cha nne. Nililia huku natandika.

Mama yangu yupo ukumbini leo kwenye sherehe hii ya kuagana, safu ya mbele, na pua yake ile ile.

Mama Kioo, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi usiokatwa na kengele, na wajukuu wa kukuchosha kidogo, maana kukaa bure hukuwezi. Kioo chako nimekipokea. Jumatatu mgonjwa wa kitanda cha tatu anatembelewa na mwanawe kwa mara ya kwanza, nami nitakuwa nimeshatangulia mlangoni.