Kitambi cha Mama Shashi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga vidonda, muuguzi wetu tunayemwita Mama Shashi anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wasifu huu ulikuwa tayari wiki mbili zilizopita. Imenibidi niuandike upya, kwa sababu mtu niliyemwandika kumbe sikumjua.

Alianzia wodi ya upasuaji, kisha akaja kwetu, wanakoletwa watu ambao mionzi iliwatibu saratani lakini ikaunguza ngozi hadi ikakataa kufunga. Ana mkono mwepesi: mgonjwa hushtukia bandeji imeshatoka. Tulipoanzisha mashindano ya kupunguza uzito, alishika mkia kwa furaha. Alikipigapiga kitambi chake akasema anakitunza, ana kazi nacho. Tulicheka mpaka machozi.

Wiki iliyopita fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alifunga begi aondoke. Kidonda chake cha kifuani kina mwaka wa pili, na mkono haunyanyuki tena. Daktari alimweleza kwamba mafuta yatanyonywa tumboni mwake, yasafishwe, kisha yadungwe kuzunguka kidonda ili ngozi ilainike na ipate damu. Fundi akamjibu kwamba yeye si sufuria ya kukaangia.

Mama Shashi akavuta pazia, akafungua vifungo vya sare. Nilikuwa nimeshika trei. Mkasi ulianguka, wala sikuusikia. Upande wa kushoto wa kifua palikuwa na kovu pana, laini. Akauchukua mkono wa fundi, akauweka pale.

"Gusa, mwanangu. Hili lilikuwa tumbo langu."

Kumbe zile likizo alizotuambia anakwenda kwa dada yake, alikuwa akidungwa mafuta yake mwenyewe katika hospitali nyingine, kisha anarudi kufunga vidonda vya wenzake. Saratani, mionzi, kidonda, vyote chini ya sare ile, nami nakunywa naye chai kila siku! Niliduwaa. Bado nimeduwaa, na nimekasirika kidogo pia.

Fundi alifungua begi, akavaa tena malapa ya wodini. Operesheni yake ni Ijumaa hii hii, asubuhi. Kwa hiyo mkiona kiti cha Mama Shashi kiko wazi kwenye sherehe ya kumuaga mnaposoma haya, keki isubiri: aliahidi kumshika fundi mkono hadi dawa ya usingizi imchukue.

Asante kwa mikono yako, Mama Shashi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na kitambi kisichopungua.