Kiti cha Mwalimu Chapuchapu

Ndugu, jamaa na marafiki, wanafunzi wa jana na wa leo: tulikubaliana kuanza saa nane kamili, na sasa ni saa nane na dakika sita. Marehemu angekuwa amekwisha kugonga ubao. Tunamwomba radhi, na tunaanza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Chapuchapu, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake aliendesha kinu hicho na mama yake alikuwa mshonaji. Mama yake, bibi yetu sisi wapwa, alipenda kusimulia kwamba mkunga alipofika alimkuta mtoto amekwisha kuzaliwa, analia na kurusha miguu, akasema, "Huyu kaniacha njiani." Tangu siku hiyo wengi tuliachwa njiani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1972. Katika ripoti yake ya kwanza mwalimu aliandika: "Ana akili, lakini hatulii, na anauliza mno." Baba yake, babu yetu, mtu wa maneno machache, aliirudisha ripoti ile shuleni akiwa bado ana unga kwenye nyusi. "Mwalimu, hapa pana kosa," alisema. "Hiyo 'lakini' iondoe." Ripoti haikubadilishwa, ila mtoto alisikia. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1978 na ya sekondari mwaka 1982. Alikaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama yake kushona, kazi aliyoichukia kwa sababu moja tu: hufanywa umeketi. Aliingia chuo cha ualimu Januari 1985 na kuhitimu Novemba 1986.

Jumatatu tarehe 12 Januari 1987 aliripoti katika shule ya msingi iliyo mkabala na posta, shule aliyoitumikia miaka thelathini na sita bila kuhama. Alifundisha hesabu na sayansi darasa la nne. Alifundisha akitembea, kutoka ubaoni hadi dawati la mwisho na kurudi, kutwa kiguu na njia, chaki moja mkononi na nyingine nyuma ya sikio. Aliyechelewa kutoa daftari alisikia, "Chapuchapu, mwanangu, jua halikungoji!" Aliyemkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka aliambiwa akaizuie kengele.

Mwezi Machi mwaka ule wa kwanza, mwanafunzi mmoja alimuuliza kama samaki hulala. Mwalimu hakujua, na alisema hivyo hivyo mbele ya darasa zima: "Sijui. Bado." Alichukua daftari jipya, akaandika juu yake "Daftari la Bado", akaandika swali, jina la mwulizaji na tarehe. Kisha alimtoa mtoto kwenye dawati na kumketisha kwenye kiti cha mwalimu. "Kaa hapo mpaka nikuletee jibu. Kila nikitaka kuketi nitakuona, nitakumbuka."

Mwalimu mkuu wa wakati ule hakufurahi. "Mwalimu, kiti hiki ni cha mwalimu."

"Na swali, mkuu, ni la nani?"

Ikawa desturi. Aliyeuliza swali lililomshinda mwalimu alikaa kwenye kiti hadi jibu lipatikane, na Mwalimu hakuwa na raha hadi alipate. Alimfuata mfugaji nyuki, aliwasumbua mafundi bomba, aliwahi kumsimamisha rubani aliyekuja kutuma barua posta. Watoto walijifunza kutafuta maswali magumu kwa bidii ambayo hakuna fimbo ingeileta. Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyemwona Mwalimu ameketi darasani. Kiti hakikuwa wazi.

Mwaka 1990 aliipeleka saa ya ukutani ya shule kwa fundi saa wa mtaa wa pili. Fundi alimwonyesha benchi.

"Karibu, dada, kaa. Saa haiponi kwa kusimamiwa."

"Nikikaa utanizoea, kazi ichelewe."

Fundi anakiri mwenyewe kwamba kazi ile ya nusu saa aliifanya siku nne, ili mteja arudi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991. Walikuwa mtu asiyeketi na mtu asiyeinuka, na waliishi hivyo karibu miaka thelathini na miwili, wakibarikiwa mabinti wawili: mmoja ni fundi umeme, mwingine ni nesi.

Ugonjwa ulianza mwaka jana. Miguu ilivimba, ngazi tatu za darasani zikawa mlima. Nyumbani alificha, watoto ndio waliogundua. Mmoja alimwambia fundi saa dukani, "Babu, siku hizi Mwalimu anafundisha ameshika dirisha." Vipimo vilionyesha kwamba moyo umepanuka. Aliambiwa apumzike, akauliza hadi saa ngapi.

Jumatano tarehe 2 Agosti mwaka huu, kipindi cha tatu, alisema atakwenda hospitali siku chache. Binti wa kinyozi, mwanafunzi wa miaka kumi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, utarudi lini?"

Mwalimu alisimama pale pale. Angeweza kusema kesho kutwa. Alifungua Daftari la Bado, akaandika. Binti wa kinyozi akaenda kukaa kwenye kiti.

Hospitalini hakutulia. Alilitunza daftari chini ya mto, na swali lile lilimkosesha usingizi kuliko maumivu. Wiki ya sita alimwita daktari. "Mwanangu, nina mwanafunzi anasubiri. Usinipe jibu la mgonjwa. Nipe la mwulizaji."

Daktari alivuta kiti, akamweleza kila kitu. Moyo haukuwa na tiba tena. Hatarudi.

Mwalimu alishukuru, akamtumia mwalimu mkuu wa sasa ujumbe ili awaeleze watoto. Mwalimu mkuu yupo hapa, na ameturuhusu tuseme ukweli: alisimama mbele ya darasa la nne, akaziona zile sura, akasema, "Mwalimu wenu anaendelea vizuri." Siku mbili baadaye bahasha ililetwa wodini. Barua arobaini na tatu, karibu zote zikisema, "Tunafurahi unarudi." Binti wa kinyozi aliongeza: "Nimetoka kwenye kiti kwa sababu wamesema jibu limepatikana. Ni kweli?"

Alizisoma zote. Kisha aliomba viatu.

"Mama, unakwenda wapi?" binti yake nesi aliuliza.

"Kazini."

"Moyo wako hauwezi ngazi."

"Zipo tatu tu. Nimezihesabu miaka thelathini na sita."

Daktari alitoa ruhusa ya saa mbili. Fundi saa, ambaye hakuwahi kufunga duka siku ya kazi, alifunga duka. Ijumaa tarehe 22 Septemba, saa nne asubuhi, walimpandisha zile ngazi, ngazi moja kwa dakika moja. Darasa zima lilisimama. Aliegemea meza akasema mwenyewe, bila kuzunguka: "Mliambiwa naendelea vizuri. Si kweli, ila aliyesema aliwaonea huruma, msimchukie. Sitarudi. Moyo wangu umechoka na hauna dawa. Hakuna kati yenu aliyeuchosha."

Walilia. Aliwaacha walie. Kisha alimgeukia binti wa kinyozi. "Swali lako nimelijibu?"

"Umelijibu, Mwalimu."

"Basi leo kiti ni changu."

Akaketi. Kiti kiliinamia upande wa kushoto, nusura kimwangushe. "Ala! Kumbe kinayumba! Miaka yote hii hakuna aliyeniambia?"

Sauti ikatoka nyuma: "Hukuuliza, Mwalimu."

Alicheka hadi fundi saa akaingiwa na hofu. Vicheko vilipotulia, binti wa kinyozi alinyoosha mkono tena. "Sasa tukiwa na swali, tumuulize nani?"

Mwalimu alifikiri. "Sijui," alisema. "Bado." Aliliandika, akainuka kwa kushikwa mikono, akamrudishia mtoto kiti.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 1 Oktoba, saa kumi na moja jioni, fundi saa akiwa amesimama kando ya kitanda. Swali moja lilikuwa limebaki katika daftari.

Jana mwalimu kijana aliyepewa darasa la nne alifika nyumbani kutoa pole. Alikaribishwa kiti, akakataa kwa adabu. Alikuwa na shida moja tu, alisema: ndani ya siku tatu ameulizwa maswali mawili asiyoyajua, naye hana pa kuyaandika. Fundi saa aliingia ndani akarudi na Daftari la Bado. Kijana aliandika maswali yake mawili chini ya lile la mwisho, akaaga, akaondoka nalo kwa haraka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja, dada wawili, wapwa kumi na mmoja, watoto arobaini na watatu wa darasa la nne, na kiti ambacho fundi saa ameahidi kukitengeneza mguu.

Mungu ampumzishe kwa amani. Na kama kupumzika kutamshinda, basi atembee kwa amani.