Eufrasia, Dismasi na Neno "Ego"

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia wazee, Mama Eufrasia Ngendakumana anastaafu kazi katika Kituo cha Wazee Tulizana, Buzebazeba. Mgongo wake ulikwishastaafu zamani, bila barua.

Alianza mwaka 1994 akiwa mfuaji wa mashuka. Mwaka 2015 alikwenda Kagunga kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, akarudi na viatu viwili vya kushoto. Mpaka leo hajui alibadilishana na nani. Huko ndiko alikompata Bibi Anésie, ambaye hapa hana ndugu ila sisi.

Mwaka jana tuliletewa roboti la majaribio, lenye kichwa na mikono kama mtu. Wazee wakalibatiza Dismasi. Sisi wengine tulinuna, tukiona vibarua vinaota nyasi. Eufrasia alivuta kiti akalichunguza kutwa nzima kama mkwe mpya. Siku Dismasi alipomnyanyua Anésie kitandani bila kumuumiza, Eufrasia alisema wazi kuwa mgeni huyu amechelewa miaka thelathini.

Kila asubuhi Dismasi aliuliza pia kama dawa ya presha imemezwa, kisha akaandika jibu. Anésie alijibu "Ego", ndiyo ya Kirundi. Zikapita wiki tatu za ndiyo huku presha ikipanda, hata daktari akahofia kiharusi.

Eufrasia akatucheka. Kwa bibi wa umri ule, alisema, Ego ni adabu tu: nimekusikia, mwanangu. Akafungua fundo la kitenge cha Anésie. Vidonge ishirini na kimoja. Anésie alikuwa akimwekea dada yake Armelle, aliyebaki Burundi, naye ana presha. Tulilia, tusifichane.

Eufrasia hakumlaumu Dismasi. Alitaka afundishwe: ukisikia Ego, usiandike, ngoja umwone akimeza. Presha ya Anésie imeshuka.

Wageni hutuuliza kama roboti linafaa kutunza watu. Kwa kunyanyua, linafaa sana. Kwa mafundo ya vitenge, bado tunachunguza.

Wiki iliyopita nilimuuliza Anésie kama atakuwa salama Eufrasia akiondoka. Alinitazama kwa upole, akajibu, Ego. Sikuandika kitu.

Ahsante, Mama Eufrasia. Tunakuombea mapumziko mema na viatu vinavyolingana. Ila Jumamosi upite. Anésie mwenyewe hatasema, lakini atakungoja.

Leodgar, mpishi wa kituo