Misuko Makumi Ine ya Katungu Florentine

Padiri wetu, bazazi, bandugu, na ninyi bote mulioacha kazi zenu leo, mimi ni Stanislas, mudogo wake Katungu wa tumbo moja, famille, jamaa yetu, imenituma nisome, nami nitasoma yote, hata yale hayapendezi.

Dada yetu Katungu Florentine alizaliwa Kyavinyonge, tarehe 9 mwezi wa sita 1962, akasoma palepale mpaka mwaka wa tano wa primaire, 1974, baba akamutoa, akabaki na tate yetu, mama ya mama, akijifunza kusuka nywele.

Tarehe 20 mwezi wa nane 1983 aliolewa na Kasonia, mwalimu kule Beni, bakapata batoto batatu, mumoja tu ndiye alibaki, Falonne, muko naye hapa mbele. Kasonia alikufa 2009, na mwaka 2014 mauaji ya Beni ikamufukuza dada, akafungua chumba chake cha kusuka hapa Kimemi, mutaa huu wa Butembo.

Kazi yake muliijua, alikuwa na misuko makumi ine, arobaini nzima, alikuangalia uso, akakuuliza habari ya kwenu, kisha akakuchagulia wako, na hakukubali kusukia banamuke babili musuko mumoja kwa siku moja, hata ulie. Lakini mwaka 2022 Falonne alipiga picha ya musuko mumoja, akaiweka kwa TikTok, ikaenda mpaka Kinshasa, Kampala, Bruxelles, banamuke bakajaa mulangoni, kila mumoja na telefone mukononi, anataka ule ule, Falonne akabasukia. Tulifurahi sana, mimi wa kwanza, dada akakasirika. Alimwita Falonne mara nyingi aketi ajifunze mingine, mutoto akajibu kwamba hakuna mutu anaiomba, na ilikuwa kweli.

Ugonjwa wa sukari ulimushika mwezi wa tatu 2024, ukamufisha vidole, asiweze kusuka tena, akatutoka juzi, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2025, saa tisa ya muchana, hospitalini hapa Butembo.

Jana, kisha kumuosha, Falonne alitaka kumusukia musuko wa ndoa ya mama yake, ule dada alijifunza kwa tate, akagawa nywele, akafumua, akagawa tena, mikono ikirudi kila mara kwa ule wa telefone, mpaka akaniita mimi mujomba wake: "Tonton, siujue. Mikono inafanya tu huu mumoja."

Basi tumemufunga dada kitambaa kichwani. Nanyi bamama mumekuja karibu bote na musuko ule, mukisema ni heshima kwake, asanti, mais roho inaniuma kuwaangalia.

Famille inashukuru baganga na bauguzi, majirani ba Kimemi, na basusi bote waliofanya kazi naye. Kama kuna mama hapa anayekumbuka hata musuko mumoja mwingine wa Katungu, tafazali, asitoke makaburini kabla ya kumuona Falonne, amufundishe.

Dada, pumzika kwa amani, na utusamehe.