Mpelelezi Asiyeruhusiwa Kuoa

Kwenye treni ya kutoka Thika, dada aliyekuwa mbele yangu alimwonyesha jamaa aliyekaa naye barua kwenye simu. Wachapishaji walikuwa wamechagua mashabiki waandike riwaya rasmi za mpelelezi wao maarufu wa vitabuni, na dada huyo alikuwa mmoja wa waliochaguliwa.

“Hongera, Naliaka. Sasa utamwoza?” “Wamesema asioe, asizeeke, asife.” “Kwani atafanya nini, akunywe chai?” “Chai imekubaliwa, bora isiwe na tangawizi.” Nilikohoa nisicheke.

“Na jina lako litakaa wapi?” “Ukurasa wa mwisho, chini ya anwani yao.” “Wah, umekuwa staa! Kataa, bana.”

Naliaka alitikisa kichwa. “Obiero, nimemwandikia huyu mtu visa kwenye daftari tangu darasa la sita. Nikikataa, watampea mtu ambaye hata hampendi.”

Treni iliposimama Ruiru, Obiero alisema, “Basi anza na hiyo chai.”