Foleni ya Batholomeo

Bajaji ilipotoka Nkuhungu, Emiliana alijifanya anatazama simu, lakini masikio aliyatega kwa wanawake wawili aliokaa nao, waliokutana humo humo.

"Mume wangu Batholomeo hajui hata chumvi inakaa wapi nyumbani," alisema mwenye kitenge cha njano. "Lakini kila Jumamosi anajitolea kugawa chakula kwa ombaomba pale sokoni. Mlenda anapika mwenyewe! Anawapakulia, kisha anamwinamia mmoja mmoja: 'Mama, umeshiba? Nikuongeze?'"

"Jamani dada, unawaonea wivu wenye njaa?"

"Chakula wale, Mungu awazidishie. Mimi nalilia lile swali. Tangu anioe nampakulia, hajaniuliza hata siku moja."

"Lakini anafanya kazi ya Mungu."

"Na mimi ni kazi ya nani?"

Emiliana, ambaye wa kwake hajitolei popote, alijikuta akimwonea wivu hata huyo mlalamikaji.

Bajaji ikasimama sokoni, karibu na foleni ya chakula. Mwenye kitenge akashuka, akachomoa sahani ya bati mkobani, akaifuta.

"Dada, unakwenda wapi na sahani?"

"Kuulizwa," akajibu, akajipanga nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo.