Kitanda Ambacho Mama Vumbi Hakukikagua

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga magoti chini ya vitanda, kabati na meza za watu, mkaguzi mkuu wa Kitengo chetu cha Mbao za Majumbani anastaafu. Jina lake kamili wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine, pamoja na wateja wetu, tunamwita Mama Vumbi, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpeleka kwenye kiti kinachobunguliwa na wadudu, hakitazami kiti kwanza. Anainama, anaokota vumbi lililodondoka sakafuni, analisugua kati ya vidole viwili, na uso wake unakuwa kama wa mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi. Likiwa laini kama poda, hao ni wale wadudu wanaopenda mbao changa. Likiwa na chenga kidogo, kama sukari, ni dumuzi wa samani za zamani. Na kama si vumbi bali ni vipunje mithili ya ufuta, anasimama, anajipangusa mikono na kumwambia mwenye nyumba kwa upole kwamba hao ni mchwa wa mbao kavu, kwa hiyo watafute mahali pengine pa kukaa maana mazungumzo yatakuwa marefu.

Alipoajiriwa, kitengo kizima kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika, na kazi yetu ilikuwa moja tu: kupuliza dawa. Mteja akipiga simu, tunabeba bomba mgongoni, nyumba inanuka majuma mawili, na baada ya miezi michache anapiga tena, safari hii akiwa na hasira. Mama Vumbi, wakati huo msichana mwembamba mwenye maswali mengi, ndiye aliyetaka kujua kama hao tunaowapulizia bado wamo. Maana tundu la dumuzi ni mlango wa kutokea. Ukiliona, aliyelitoboa ameshajiendea zake. Swali ni kama ndani kumebaki mabuu wanaoendelea kula, na hilo tundu lenyewe halikuambii.

Basi akatuwekea utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Siku ya kwanza hatupulizi chochote. Tunaziba matundu kwa nta ya mshumaa, tunatandika kitambaa cheusi chini ya samani, tunamwomba mwenye nyumba asipafagie hapo, tunaaga. Tunarudi baada ya majuma kadhaa. Nta ikiwa nzima na kitambaa kikiwa safi, wadudu walishakufa au kuhama, na mteja amejiokolea mapafu yake. Kitambaa kikiwa na vumbi jipya, hapo ndipo sindano inapotoka mkobani: dawa inaingizwa tundu kwa tundu, kisha inapakwa kwa brashi kwenye maungio na upande wa chini, kule ambako vanishi haijawahi kufika. Mwanzoni wateja walilalamika kwamba wametuita tuue wadudu, nasi tumekuja kutandika vitambaa. Siku hizi wanavitandika wenyewe kabla hatujafika.

Vituko vyake tungeviandika vyote, taarifa hii ingekuwa kitabu. Kuna wanandoa wapya waliokuwa hawasemezani, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwamba anasaga meno usingizini. Mama Vumbi aliweka sikio kwenye ubao wa kitanda chao, akatulia, kisha akawatangazia kwamba humo kitandani hawako wawili tu. Bibi harusi nusura azimie kabla hajamalizia sentensi. Kuna bwana aliyemwaga mafuta ya taa ndani ya kabati la nguo ili kuua dumuzi, halafu akavaa koti lililokuwemo na kwenda nalo harusini. Mama Vumbi aliokoa kabati. Koti alisema lisogezwe mbali na jiko.

Lakini kilichomtofautisha na sisi sote ni swali lake. Kabla hajagusa samani yoyote huuliza, "Hiki alikitengeneza nani?" Kwa miaka mingi nilidhani anataka kujua aina ya mbao. Kumbe alikuwa anataka kujua namna ya kuzungumza. Aliyejibu "Nilikinunua tu mnadani" aliambiwa ukweli palepale. Aliyejibu "Marehemu babu" aliombwa aketi kwanza, na Mama Vumbi aliketi naye. Alitufundisha wote kutoa habari mbaya tukiwa tumekaa, bila kutazama saa.

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyompatia mume. Alitumwa kwenye karakana ya seremala mmoja kijana kukagua mbao kabla hazijatengenezwa madawati ya shule. Akazikuta nyingi zimepasuliwa kutoka ile sehemu nyeupe ya gogo, karibu na ganda, ambayo dumuzi huipenda kuliko kiini chake kigumu. Akatoa chaki yake nyekundu ya nta, akazipiga alama ya msalaba nusu nzima. Msalaba wake unajulikana, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Seremala alikuja juu. "Dada, hizi mbao ni mpya, hata nzi hajatua juu yake!" Akamwambia hajakataa mbao kwa sababu zina wadudu, amezikataa kwa sababu watakuja, na kwamba kilichopigwa msalaba kichomwe, kisiende kulaliwa na mtu wala kukaliwa na mtoto.

Kesho yake kijana akaja ofisini na ubao mmoja kwapani, anaomba ukaguliwe. Keshokutwa akaja na mwingine. Mkuu wetu wa wakati ule akauliza kama tumefungua duka la mbao. Kufikia ubao wa mwisho hakuna aliyekuwa anatazama ubao, na kabla mwaka haujaisha tulikula pilau ya harusi yao. Zawadi yake kwa bibi harusi ilikuwa kitanda alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe, chenye ubao wa kichwani uliojaa maua. Alimwapia kwamba zile mbao za msalaba alishazichoma zote.

Yule seremala alikuwa mtu wa vichekesho na mikono ya dhahabu. Alifariki miaka minne iliyopita. Karakana sasa anaiendesha binti yao, fundi aliyemrithi baba hata kwa kupenda ubishi. Na kwa kuwa seremala huuza anachotengeneza, nyumbani kwa Mama Vumbi hakukuwa na kitu kingine kilichotoka mikononi mwa mumewe isipokuwa kile kitanda. Hata kiti anachokalia ni cha dukani.

Mwaka huu alianza kulalamika mgongo. Tukamtania kwamba uzee umebisha hodi. Alikuwa anacheka pamoja nasi, kwa hiyo hatukujua lolote mpaka binti yake alipokuja ofisini mchana mmoja na kukaa kwenye kiti cha wateja. "Mjomba," aliniambia, "mama analala chini. Kitanda cha baba kinaliwa, na hataki nikiguse." Mama yake alikuwa ameona vumbi alipokuwa anafagia, na kwa vidole vyake mwenyewe akajua ni la chenga. Tangu siku hiyo aliliteremsha godoro sakafuni kando ya kitanda, akihofia uzito wake usije ukakivunja. Alikuwa ameshaziba matundu kwa nta na kutandika kitambaa cheusi. Asichoweza ni kukigeuza kitanda atazame chini.

Tulikwenda watatu wa ofisini, pamoja na binti. Alitupokea kama mteja yeyote, akatuwekea chai, akakaa kwenye ncha ya kiti na mikono mapajani. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia alikotufundisha. Nikamuuliza kilitengenezwa na nani. Akanitazama kwa muda, akasema, "Unamjua."

Tukakilaza kitanda ubavu, kwa mara ya kwanza tangu kilipoingizwa chumbani humo. Ubao wa kichwani na matendegu manne yalikuwa ya kiini kitupu, magumu kama jiwe, na nta aliyoiweka ilikuwa haijaguswa. Lakini mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, kwa chini haikupakwa vanishi na ilikuwa imetoboka kama chekecheke. Na katikati ya mfumbati mmoja, imefifia lakini inasomeka, kulikuwa na alama nyekundu ya msalaba. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mama Vumbi alipiga magoti, akaupitishia msalaba wake kidole, na mara akaangua kicheko. "Huyu mwanaume! Huyu mwanaume!" Alicheka mpaka akashika mbavu, na binti yake naye akacheka, nasi tukaona ruhusa imetolewa. Kijana wa watu alikuwa amebakiwa na mbao chache nzuri na harusi imekaribia. Nzuri akaziweka kichwani na miguuni, zilizokataliwa akazificha ubavuni, akageuza msalaba ukaangalia chini, akaomba Mungu. Mke wake, anayelala kifudifudi chini ya vitanda vya watu akiwa na tochi, alilala juu ya alama yake mwenyewe miaka yote hiyo. Mmoja wetu alimuuliza inakuwaje hajawahi kukichungulia hata siku moja. Akajibu, "Ningemkaguaje mume wangu?" Na hapo kicheko kikaisha, akalia, na sisi tukakaa.

Kumwambia ukweli ilikuwa kazi yangu. Nilimweleza kwamba kichwa na matendegu vitapona, na kwamba mifumbati haitapona. Kisu nilichokichoma kwenye mfumbati kilizama mpaka kwenye mpini. Tukiiacha, dumuzi wataendelea kutoka mwaka hadi mwaka, na huenda wakahamia karakana ya binti yake, iliyojaa mbao. Yote hayo alikuwa anayajua kuliko mimi, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kile ambacho wateja wote huuliza: "Hakuna namna?" Nikamjibu, "Hakuna, dada." Sijawahi kutamka maneno mazito kama hayo kazini.

Binti yake, kwa huruma, alisema wangekata kipande chenye msalaba tu, wakipake dawa, wakitundike ukutani. Nilidhani atakubali. Mimi ningekubali. Akatikisa kichwa. "Umeoza huo. Ningekuwa kwa mtu mwingine ningesema nini?" Kisha akatuomba jambo moja, mifumbati tusiibebe sisi. Aliibeba yeye na binti yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakaiweka uani na kuiwasha. Alisimama pale mpaka ikawa majivu, akimweleza binti yake jinsi baba yake alivyokuja juu siku ile, na nzi ambaye hajatua.

Binti alichonga mifumbati mipya kutoka kiini cha gogo zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akampelekea mama yake aikague. Akaikagua, safari hii pande zote nne. Akatafuta kasoro kwa bidii, akakosa, akasema itafaa. Maungio yaliingia kwenye ubao wa baba bila kupigwa nyundo hata mara moja.

Jumatatu iliyofuata, saa ya kufungua ofisi ilifika na Mama Vumbi hayupo. Katika miaka yake yote hapa hajawahi kuchelewa, kwa mvua wala kwa homa, na hata msibani alitutumia habari mapema. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, simu haipokelewi. Watu walianza kutazamana. Dereva alikuwa ameshachukua funguo za gari aende kwake, ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia na kilemba kimekaa upande, na shavuni ana mikunjo ya mto. Akasimama mbele yetu kama mwanafunzi aliyekosa. "Jamani, nisameheni," alisema. "Nimelala." Mkuu wa kitengo, ambaye kwa kuchelewa hana rafiki, aliinuka na kumvutia kiti.

Mama Vumbi, dada yetu, mwalimu wetu: kwa kila nyumba uliyoingia ukaiacha ina nafuu, kwa kila mtu uliyekaa naye chini kabla ya kumwambia ukweli, ahsante. Kitengo kitaendelea kutandika vitambaa vyeusi na kuuliza lile swali. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi ya starehe. Na kuanzia Jumatatu ijayo, hakuna anayekusubiri ofisini. Lala, dada. Lala mpaka uchoke kulala.